Eksi Nyekundu kwenye Ukuta wa Mwiki

Ukitaka kumkasirisha Ikhlas Abdulkarim, usimtukane. Matusi ameyazoea, mwanamke anayepaka kuta kando ya barabara hushiba matusi mapema. Wewe simama nyuma yake anapomaliza kazi, kunja mikono, tazama zile pembetatu na mistari yake, kisha umwulize kwa upole: "Na picha yenyewe utachora lini?"

Swali hilo ameulizwa na shangazi zake, ameulizwa na wenye maduka, ameulizwa na mchungaji mmoja aliyetaka ukuta wa shule ya nasari upambwe. Wote humwona amejaza ukuta kona hadi kona kwa miraba na mistari ya rangi, wakadhani bado anaandaa mahali. Wanangoja twiga. Zamani Ikhlas alikuwa akieleza, kwa adabu, kwamba hiyo ndiyo picha, kwamba mstari nao una maneno yake. Siku hizi haelezi. Husema, "Ndiyo hiyo," akaanza kuosha brashi.

Na asije mtu hapa akasema hajui kuchora. Huo ni uongo, na mimi siuvumilii. Kama uliwahi kununua nyama Kamenu, kule Thika, miaka kadhaa iliyopita, basi ulimwona ng'ombe wa Ikhlas. Alikuwa ukutani mwa bucha, mweusi mwenye mabaka meupe, amegeuza shingo anakutazama kwa macho ya huruma, mpaka mwenye bucha akalalamika kwamba wateja wanaona haya kuagiza. Alichora vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi, alichora wasichana wa saluni, alichora sufuria zinazofuka moshi mpaka mtu ahisi njaa. Mkono alikuwa nao. Kisha siku moja akamwambia yule mwenye bucha atafute mtu mwingine, kwa sababu yeye na ng'ombe wameachana.

Watu walitafuta sababu, maana sisi hatuwezi kumwona mtu akiacha riziki yake hivi hivi. Wakasema ni dini: yule ni Muislamu, wao hawaruhusiwi kuchora kitu chenye roho. Maneno hayo yalimfikia Ikhlas akiwa juu ya ngazi, hijabu yake ina madoa ya rangi tatu, na akashuka makusudi kuyajibu.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Ni mimi sitaki."

Sababu yenyewe ilianzia mlangoni pa mama yake.

Mwanaharusi, mama yake, alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara hapo Kamenu, akiuza chapati na maharagwe. Mumewe, Abdulkarim, alikuwa fundi wa taili, mtu mkimya ambaye sakafu zake hazikupinda. Asubuhi moja mwanamume alipita kwenye safu ile ya vibanda akiwa na mkebe wa rangi nyekundu na brashi iliyofungwa kwenye fimbo. Hakusalimu mtu. Alifika mlangoni, akavuta mstari huku, akavuta mstari kule, akaenda mlango wa pili. Kwetu alama hiyo haihitaji mkalimani. Ukuta ukishapigwa eksi nyekundu, nyumba imehukumiwa, na kinachofuata ni tingatinga.

Ikhlas alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake ameketi juu ya debe, mikono ina unga, analia bila sauti. Mlango ule ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa juzi tu. Msichana alisimama akaitazama ile eksi, na kilichompanda kifuani hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Mtu amekuja kumhukumu mama yako, na hata "hamjambo" ameona ni kazi kuisema.

Alifungua mfuko wa kazi wa baba yake akatoa uzi. Mafundi wa taili wana uzi mrefu wanaoupaka unga wa bluu. Huuvuta ukakazika kutoka pembe moja hadi nyingine, wakauinua katikati kwa vidole viwili na kuuachia, nao ukigonga ukuta huacha mstari ulionyooka kabisa. Wenyewe huita kupiga uzi. Ikhlas alipiga uzi kutoka kila ncha ya ile eksi, akapiga kutoka katikati yake, akapiga tena kwa upande, kisha akachukua mabaki ya rangi yaliyokuwa nyumbani, kijivu, bluu, njano, akajaza nafasi. Abdulkarim alirudi akamkuta kazini. Hakumkemea. Alishika ncha ya pili ya uzi, wakaendelea. Jua lilipotua, mbele ya kibanda palikuwa na miraba na pembetatu tupu. Nyekundu ilikuwa mle ndani, lakini eksi hakuna aliyeweza kuiona.

Tingatinga lilipokuja, msimamizi wake alitembea mbele akionyesha kidole penye alama, na kila alipoonyesha pakalala chini. Kwa Mwanaharusi akasimama. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akajikuna kichwa. Yeye alitumwa kubomoa penye eksi, na hapa eksi haipo. Akapita. Majirani, pamoja na machozi yao, walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sitatia chumvi: kibanda hakikupona. Baadaye alikuja mwingine mwenye akili zaidi. Lakini alipokuja, Mwanaharusi alikuwa ameshang'oa mabati, amebeba jiko, mabenchi, meza na hata ule mlango, akahamia upande wa pili wa mtaa. Tingatinga lilibomoa hewa.

"Umeificha vizuri, mwanangu," Mwanaharusi alimwambia binti yake, na akamkumbatia.

Yalikuwa maneno ya shukrani, na mama yule hakuwa na nia mbaya. Ila Ikhlas yalimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Umeificha. Kwa nini aifiche? Yeye ndiye aliyekosa?

Basi ndivyo alivyokuwa mchoraji. Alifanya kazi za bucha na vinyozi ili ale, na kila alipopata nafasi akapaka vitu vyake, kwenye mbao za sanduku, kwenye turubai, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya kupanga mpaka mwenye nyumba akaja juu. Vitu hivyo vilipoanza kununuliwa, ndipo akaachana na ng'ombe. Baba yake alipofariki, Ikhlas alichoomba kwenye vitu vya marehemu ni ule uzi peke yake. Na namna yake ya kazi ilikuwa moja. Kwanza alipiga uzi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, ikapatikana eksi kubwa. Aliipaka nyekundu. Kisha mistari mingine yote ilizaliwa kutokana nayo, na rangi zikaja juu yake, tabaka kwa tabaka, mpaka ile eksi ikazikwa kabisa. Aliyenunua picha ya Ikhlas hakujua kwamba amebeba eksi nyumbani kwake. Ilikuwa siri kati yake na ubao.

Siku moja alipeleka picha zake kwenye jumba la sanaa huko Nairobi. Mama aliyesimamia pale, mtu mzuri, mwenye sauti ya taratibu, alizitazama moja moja, akapenda rangi, akapenda usafi wa kingo. Mwishoni akasema, "Zinapendeza sana. Lakini sioni mahali unapotoka."

Ikhlas alifungua mdomo amjibu vibaya, akaufunga. Kwa sababu yule mama alikuwa amesema kweli bila kujua. Mahali anapotoka palikuwepo, palikuwepo katika kila picha, chini ya tabaka zote. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akipafukia, na hakuna aliyemlazimisha. Njia nzima kurudi Thika alijiona mjinga. Alipofika Kamenu alikuwa ameapa: picha itakayofuata, eksi itakaa juu, itakuwa kubwa, na haifunikwi na mtu.

Na picha iliyofuata ikawa ukuta wa Mwiki.

Mzee Bedan Muriithi ana fleti ya ghorofa tano hapo Mwiki, mtaa wa pembeni mwa Nairobi, na ubavu wake mmoja hauna dirisha hata moja, unatazama barabara. Jengo la jirani lilikuwa limechorwa kasuku, na Mzee Bedan hapendi kushindwa na jirani. Alimwita Ikhlas. Ikhlas alimwonyesha mchoro kwenye karatasi, eksi nyekundu katikati na mistari inayotoka kwake kila upande. Bedan aliutazama simu ikiwa sikioni, anazungumza na mtu wa mabomba.

"Iko sawa," alisema. "Kama kitambaa cha meza cha cucu wangu, mama ya baba. Chora tu, bora ipendeze."

Kuta za ukubwa ule hazipatikani kila mwaka. Kwa Ikhlas ilikuwa mara ya kwanza kupewa ukuta mzima, mahali ambapo maelfu hupita, bila mtu kumwambia aweke chupa ya soda kwenye kona. Alijenga jukwaa la miti, akapanda na uzi wa baba yake. Lakini uzi una ncha mbili. Chini pale getini palikuwa na kibanda cha mboga cha Ndunge, mpangaji wa ghorofa ya chini, ambaye mtaa mzima humwita Mama Mutisya.

"Mama Mutisya, nisaidie kushika hapa, tafadhali. Uvute kabisa."

"Unapima nini, msanii?"

"Napima katikati."

Mama Mutisya alishika, akavuta, mguu mmoja umekanyaga ukuta. Ikhlas aliuinua uzi akauachia, nao ukalia ukutani, ukaacha mstari wa bluu kutoka pembe ya juu hadi chini. Wakahamia pembe nyingine. Mama Mutisya alifurahia ile sauti akataka kurudia. Jumamosi yote Ikhlas alipaka, mistari miwili yenye upana wa mlango, nyekundu, na kila alipomaliza kipande aliibandua tepu ya ukingo rangi ikiwa bado mbichi ili ukingo utoke mkali. Jioni alishuka, akavuka barabara, akageuka kuitazama eksi yake. Akaenda zake Kamenu, aiache ikauke Jumapili, Jumatatu aanze mistari mingine.

Ikhlas aliyafikiria mengi kuhusu ukuta ule, ila hakufikiria watu wa Mwiki wataamkaje.

Waliotangulia kwenda kanisani ndio waliiona kwanza. Jengo zima limepigwa eksi, na si eksi ya kawaida ya mlangoni, ni eksi ya ghorofa tano! Hakuna aliyewahi kuona hukumu kubwa namna ile. Mtu akasema ni mambo ya ardhi, eti kiwanja kina hati mbili. Mwingine akasema barabara inapanuliwa. Kabla ibada ya kwanza haijaisha, magodoro yalikuwa getini. Mpangaji wa juu kabisa alishusha televisheni kwa shuka. Mwingine aliita mkokoteni, na wa pili akagombania mkokoteni uleule. Mama Mutisya alikuwa akitia nyanya kwenye gunia, yeye ambaye alishika uzi kwa mikono yake, kwa sababu hofu haina kumbukumbu.

Mzee Bedan aliitwa kutoka kanisani katikati ya mahubiri. Alifika na suti yake, akaona wapangaji wake wanahama kwa mkupuo, akampigia Ikhlas simu.

"Kuja hapa sasa hivi! Kuja uone kitu umenifanyia!"

Ikhlas alipofika, uani hapakuwa na pa kukanyaga kwa vitanda na sufuria. Waliposikia kwamba ni yeye, kwamba hakuna ofisi yoyote, hakuna tingatinga, hofu yote iligeuka hasira, na hasira yote ikapata mtu wake.

"Haiya, Ikhlas! Si nilikuambia uchore kitu ya kupendeza?" Bedan alipiga kelele.

"Nilikuonyesha karatasi, Mzee. Ukasema iko sawa."

"Kwa karatasi ilikuwa kakitu kadogo! Sasa hii ni nini? Utafuta leo. Leo leo! Weka twiga. Twiga ana shingo ndefu, ataijaza hiyo ukuta mara moja."

"Sichori twiga, Mzee."

"Basi ndovu!"

Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu, mwenye busara kuliko wote, akasema, "Kwani iko nini? Si abadilishe tu iwe kijani? Kijani haina noma."

Hilo lilikuwa na akili. Hata Bedan alitulia. Na niseme ukweli, Ikhlas naye alitulia. Aliona jinsi ingekuwa rahisi: ndoo moja ya kijani, siku moja ya kazi, kila mtu ameridhika, ukuta bado ni wake, mistari bado ni yake. Nani angejua? Angejua yeye. Ingekuwa ameificha vizuri, tena safari hii mbele ya watu, tena akiwa mtu mzima. Alihisi ile hasira ya mlangoni pa mama yake ikipanda upya, na hakuizuia.

"Sibadilishi," alisema. "Na sifuti. Nyinyi nyote hapa mnajua kusoma hii alama. Lakini nani kati yenu aliuliza ni nani ameiweka? Hata mmoja? Mmeona nyekundu tu, mkabeba magodoro. Hakuna mtu amekuja, hakuna barua, hakuna hata aliyebisha mlango. Mmejibomolea wenyewe!"

Hayo hayakupokewa vizuri, na sishangai. Mama Mutisya aliliangusha gunia la nyanya.

"Wewe usituongeleshe hivyo!" alisema, sauti inatetemeka. "Unajua mimi nimelala nje na watoto mara ngapi? Tulikotoka waliweka eksi asubuhi, tukasema tungoje tuulize. Tukiuliza nani? Walikuja tukiwa tumelala, mvua inanyesha. Mutisya alikuwa mchanga wa mgongoni. Usiniambie niulize! Wewe umebomolewa wapi?"

"Kamenu," Ikhlas alijibu. "Kibanda cha mama yangu. Nilikuwa shule."

Mama Mutisya alizidi kumkazia macho.

"Niliificha eksi yao ndani ya mistari," Ikhlas aliendelea. "Na kila picha nimechora tangu hiyo siku, iko ndani, nimeifunika. Nimechoka kuifunika. Hii ni yangu, si yao. Nimeiweka mimi, mchana, na nimewasalimia wote kabla nianze. Sasa nyeupe iko kwa ile ndoo, brashi ndiyo hiyo. Anayetaka kufuta apande. Mimi sitamzuia, lakini mkono wangu haufuti."

Akaiweka ndoo chini ya jukwaa, akakaa kando juu ya tofali, mikono kifuani. Alijua kabisa kwamba mtu mmoja tu akipanda na ile brashi, ukuta umekwenda, na hapati mwingine.

Bedan alilitazama jukwaa, akalitazama tumbo lake, akatafuta kitu kwenye simu. Yule kijana wa kijani akasema ana kizunguzungu cha mahali pa juu. Watu walisukumana kwa macho. Kisha Mama Mutisya akafunga leso kiunoni, akachovya brashi ndani ya nyeupe, akaanza kupanda.

Ikhlas alibaki juu ya tofali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameshazivua mbele ya mtaa mzima. Alimtazama yule mama akipanda ubao kwa ubao, brashi inadondosha matone meupe, mpaka akafika pale mistari miwili inapokutana. Mama Mutisya akainua mkono. Ukabaki hapo juu. Akasogeza uso karibu na ukuta, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Eksi yenyewe iko wapi?" aliuliza kutoka juu.

"Ndiyo hiyo uko mbele yake!" walimjibu.

"Hapa naona nyekundu tu. Nyekundu kila mahali." Akaigusa kwa kidole, akakitazama kidole. Akageuka akatazama mbali, kule mlima wa Kilimambogo unakoonekana siku isiyo na mawingu, na mapaa ya Mwiki yote chini yake, na watu uani wameinua nyuso. Sijui aliwaza nini, na hajawahi kumwambia mtu. Aliposhuka brashi ilikuwa imekauka ncha.

Alimkabidhi Ikhlas.

"Malizia," alisema. "Lakini ukinidanganya kwamba si yao, nitakupaka wewe."

"Mama Mutisya!" Bedan alilalamika. "Nyumba ni yangu!"

"Nyumba ni yako, Mzee, lakini kuhama tunahama sisi. Na mimi sihami."

Akainua gunia lake, akaanza kuzipanga nyanya upya kibandani, zilizopondeka kando. Mtu mmoja akarudisha godoro. Kisha wa pili. Yule wa televisheni alirudi juu akitukana ngazi, na Mzee Bedan, akiona nyumba yake inajaa tena, akasema hajakubali, ila amechoka, na kwamba mambo haya yatazungumzwa. Mpaka leo hayajazungumzwa.

Ikhlas alimaliza ukuta. Kutoka kwenye eksi mistari ilitoka kwenda kila upande, njano, nyeusi, bluu, rangi ya udongo wa Thika baada ya mvua, pembetatu ndani ya pembetatu, zote zikianza kwenye ile nyekundu na hakuna hata moja iliyothubutu kupita juu yake. Eksi ilikaa palepale, kubwa, wazi. Bedan aliomba angalau asiandike jina. Aliliandika, herufi za kimo cha mtoto. Wapo wanaoupenda ukuta huo na wapo wanaosema unaumiza macho, na kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Makondakta wa matatu nao hawakungoja ruhusa ya mtu. Kituo cha mbele yake sasa wanakiita Eksi, na mgeni akielekezwa kwa simu huambiwa ashukie Eksi, ataona mwenyewe.

Sasa sikiliza lililotokea mwaka huu.

Mwanamume mmoja alikuja kwa mguu kutoka upande wa juu wa barabara, mkebe wa rangi nyekundu mkononi, brashi kwenye fimbo. Alikuwa ameshapiga alama nyua mbili tatu. Alifika kwenye fleti ya Mzee Bedan akatafuta mahali. Alitazama ukuta mkubwa, akainua macho, akayainua tena, akafika juu. Akautazama mkebe wake.

"Salimia kwanza," ilisema sauti kutoka kwenye kibanda cha mboga.

"Ati?"

"Hapa kwetu mtu husalimia kwanza."

"Habari yenu," alisema yule bwana.

"Mzuri. Umetumwa na nani? Barua iko wapi? Wewe unaitwa nani?"

Hakuwa na barua. Alisema yeye anaweka alama tu, mambo mengine waulize huko mbele. Madirisha yalianza kufunguka. Wapangaji walishuka mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyebeba godoro. Walisimama tu, wakimuuliza maswali, wote kwa pamoja, kama watu waliokuwa na maswali hayo siku nyingi. Yule bwana alitokwa na jasho. Mwishoni alipiga eksi ndogo, ya haraka, iliyopinda, kwenye nguzo ya geti, akaondoka akiangalia nyuma.

Mama Mutisya alichukua simu kabla rangi haijashika.

"Ikhlas, wameniwekea moja kwa geti. Kuja na uzi."

"Unataka niifiche?" Ikhlas aliuliza.

"Nani amesema kuficha? Kuja na uzi."

Ikhlas alifika akamkuta Mzee Bedan pale, na ndani ya koti lake mna barua ambayo wapangaji walikuwa wameiandika pamoja, ya kupeleka ofisini asubuhi kuuliza kila kitu: nani, kwa nini, kwa sheria ipi. Kama watajibiwa, sijui. Kama jengo litasimama mwaka ujao, hilo pia sijui, na atakayekuambia anajua, mkatalie. Ninachojua ni kilichofanyika jioni ile. Ikhlas aliutoa uzi wa baba yake, akaupaka unga wa bluu. Bedan alipewa ncha moja aishikilie katikati ya ile eksi ndogo ya getini, na aliishika, suti yake ikiingia vumbi la bluu. Ncha ya pili Ikhlas alipanda nayo ngazi mpaka pembe ya chini ya eksi kubwa, akaikaza.

"Nani anapiga?" aliuliza kutoka juu.

Mama Mutisya alipangusa mikono kwenye leso. Aliuinua uzi kwa vidole viwili, akauvuta mbali na ukuta kuliko inavyofaa, akauachia. Ulilia mtaa mzima ukasikia. Mstari wa bluu ulitoka kwenye geti ukapanda ukutani hadi kwenye nyekundu, umenyooka.

Mpita njia mmoja, mgeni, alikuwa amesimama na mfuko wake wa mkate. Alitazama geti, akatazama ukuta, akawatazama watu wazima wamejaa unga wa bluu.

"Na picha yenyewe mtachora lini?" aliuliza.

Ikhlas aligeuka kwenye ngazi, lakini hakuwahi. Mama Mutisya alishamjibu, bila hata kumtazama, akiwa ameinama anautafuta uzi.

"Huna macho? Ndiyo hii."